Uliza Mfinyanzi: sahani zinazobanduka, mikono ya vikombe inayokatika, na bei isiyolipa

Barua za safari hii karibu zote zinalaumu tanuri. Tumezisoma kwa makini na tumeliachia tanuri huru: kosa lilikuwa shimoni ulikochimbwa udongo, au mezani, au pale chombo kilipoanikwa. Kwa wanaotuandikia siku zijazo, tupeni mambo manne ili tusibahatishe: udongo umetoka wapi, ukuta wa chombo una unene gani, kilikauka siku ngapi, na kilichomwa hadi nyuzi ngapi za Selsiasi. Picha ya kipande kilichovunjika inatufaa kuliko picha ya chombo kizima.

Vidoa vyeupe

*Wahariri, shikamooni. Nafinyanga sahani na bakuli kwa udongo ninaochimba mwenyewe, kilomita chache kutoka baharini. Zamani nilichoma kwa kuni uwanjani, sikupata shida. Tangu nipate tanuri la umeme nachoma hadi nyuzi 1,000. Vyombo vinatoka vizima, ukivigonga vinalia vizuri. Wiki moja au mbili baadaye vinaanza kubanduka vipande vidogo kama ukucha, na katikati ya kila kidonda kuna kidoa cheupe. Wateja wanarudisha. Je, tanuri ni bovu?* (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Tanuri ni zima. Kidoa hicho ni chokaa, na mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu, maana tanuu la chokaa analijua. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa, kisha yakimwagiwa maji hufura, hutoa joto na kusambaratika kuwa unga. Sasa udongo wako una chembe za mawe hayohayo, au za makombe. Moto ukipita nyuzi 850 hivi, kila chembe inageuka chokaa isiyozimwa. Chombo kikitoka nje kinavuta unyevu wa hewa, chembe inafura taratibu, na kwa kuwa imebanwa na udongo mgumu, inausukuma mpaka ubanduke. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, kwa hiyo kwako mambo yanaonekana upesi. Chombo kilekile kikipelekwa Dodoma kingeweza kukaa muda mrefu zaidi kabla hakijaaibisha mtu.

Ndiyo sababu moto wa uwanjani haukukusumbua. Moto ule kwa kawaida unacheza kati ya nyuzi 600 na 800, na hapo jiwe linabaki jiwe. Udongo haukubadilika, ulichobadilisha wewe ni joto.

Pima kwanza. Chukua bonge kavu la udongo, livunje, lidondoshee siki kali mahali panapoonekana punje nyeupe. Pakitoa mapovu, ni chokaa. Fanya hivyo kwa udongo wa mashimo matatu au manne tofauti, na kwa kina tofauti, maana mara nyingi tabaka la juu ni safi na matatizo yanaanza karibu na mwamba wa matumbawe.

Kama huna shimo jingine, udongo huohuo unaweza kusafishwa. Ukaushe kabisa juani; udongo mkavu unayeyuka majini upesi, wenye unyevunyevu unabaki mabonge. Uvunje vipande vya ukubwa wa korosho, utie kwenye pipa, mimina maji mpaka yaufunike kwa kiganja kizima, uache siku mbili bila kukoroga. Kisha koroga uwe uji mwepesi na uupitishe kwenye chujio la mesh 60 (yaani matundu 60 kwa kila inchi), halafu la mesh 80. Chandarua hakitoshi, matundu yake yanazidi milimita moja, na chembe ya ukubwa huo ndiyo hasa inayobandua. Ukikosa chujio la maabara, waendee wachapaji wa fulana: kitambaa chao cha skrini huuzwa kwa idadi ya nyuzi kwa sentimita, nawe unataka nyuzi 24 kwa mchujo wa kwanza na 32 kwa wa pili. Kitandaze kwenye fremu ya mbao. Chembe zitakazopita hapo ni ndogo mno, hazina nguvu ya kusukuma kitu.

Usirudi sokoni kabla ya jaribio hili. Tengeneza vigae kumi vya udongo uliochujwa na kumi vya usiochujwa, vichome pamoja, kisha vipange juu ya wavu ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, funika, vipate mvuke saa tatu. Viache kivulini wiki mbili. Ukiona hata kimoja kati ya vile vilivyochujwa kina kidoa, chujio lako limetoboka mahali.

Utasikia ushauri wa kutia chumvi kwenye udongo. Una msingi, na kuna sehemu za dunia wafinyanzi wametumia maji ya chumvi kwa sababu hiyohiyo, lakini ndani ya tanuri la umeme mvuke wa chumvi unakula nyaya. Achana nao. Na kama unatumia kalibu za jasi (plasta), zikague: kipande cha jasi kilichomegekea kwenye udongo kinaleta kidonda kinachofanana kabisa na hiki, na siki haitakuonyesha.

Kwa nini vya mama mkwe havilipuki?

*Mama mkwe wangu ni Mkisi wa kando ya Ziwa Nyasa. Anachoma vyungu kwa nyasi na kuni, moto unawaka muda mfupi tu, na vinatoka vizima. Mimi nina tanuri la kisasa, napandisha moto polepole kuliko yeye, lakini maua yangu ya udongo yanalipuka. Nimeambiwa ni hewa iliyobaki ndani ya udongo. Nakanda mpaka mikono inauma.* (Msomaji, Mbeya)

Ndugu yetu, pumzisha mikono. Kukanda kuna faida zake, ila hewa peke yake ina lawama ndogo. Kinacholipua ni maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zipatazo 1,600. Mvuke ukipata njia unatoka, ukikosa njia unaitengeneza.

Mtazame mama mkwe kwa jicho la mfinyanzi. Chungu chake kina ukuta mwembamba na wenye unene uleule karibu kila mahali. Kina umbo la mviringo, halina pembe za kukamata nguvu ya joto. Udongo wake una mchanga, kwa hiyo una vinyweleo vingi vya kupitisha mvuke. Na kabla ya moto mkubwa vyungu vimeshapashwa joto. Wewe unatumia udongo laini uliochujwa, na maua yako, kwa picha uliyotuma, yana kitako cha milimita 18 au zaidi. Ukuta mnene maradufu haukauki kwa muda maradufu tu, unazidi hapo. Nje pameshakuwa peupe, ndani kungali na maji.

Kujua kama chombo kimekauka, kiweke shavuni. Kikiwa na ubaridi, bado. Njia ya uhakika zaidi ni mizani ya jikoni: pima chombo asubuhi na jioni, andika. Uzito ukikoma kupungua kwa siku mbili mfululizo, kimekauka kadiri hewa ya kwenu inavyoruhusu. Maji yaliyobaki utayatoa na moto, kwa mpango huu wa uchomaji wa kwanza, ule wa kabla ya kupaka glezi (utando wa kioo):

Panda hadi nyuzi 90 kwa saa moja, kisha ushikilie hapo saa tatu, kifuniko kikiwa wazi kwa upana wa kidole. Kwa kitu kinene kama maua yako, shikilia usiku kucha. Weka kioo kwenye tundu la juu. Kikipata ukungu, mvuke bado unatoka. Baada ya hapo nyuzi 60 kwa saa hadi 200, nyuzi 100 kwa saa hadi 600, na nyuzi 150 kwa saa hadi 1,000. Jumla ni saa 12 na nusu hivi. Usiikimbie sehemu ya kati: kati ya nyuzi 350 na 600 yanatoka maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, ambayo jua haliwezi kuyagusa, na kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi zinatanuka ghafla. Wakati wa kupoa zinasinyaa ghafla papo hapo. Kwa hiyo usifungue tanuri mpaka lishuke chini ya 100, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Umeme ukikatika katikati ya uchomaji wa kwanza, usihangaike. Funga matundu, ukirudi endelea kutoka pale joto lilipofikia.

Ufundi wa kusoma maiti ya chombo nao unasaidia. Vipande vidogo vilivyotawanyika na kitako kilichokuwa changarawe, huo ni mvuke. Ufa mmoja mrefu wenye kingo kali kama wembe ni wa kupoa haraka. Ufa uliopanuka mdomoni na kufifia kuelekea chini ulianza wakati wa kukauka, ulikuwepo kabla hujawasha chochote. Na kama chombo kina glezi, gusa ukingo wa ufa: glezi ikiwa imeviringika, ufa ulitangulia kuyeyuka kwake, ikiwa imekatika kwa ukali, chombo kilipasuka kikipoa.

Mkono wa kikombe

*Vikombe vyangu vinapasuka mahali mkono unapoungana na mwili, karibu kila mara juu, si chini. Pia vingine vina ufa wa umbo la S kwenye kitako. Mwalimu wangu alinifundisha udongo uwahi ungali maji, nami naunganisha mapema kabisa.* (Msomaji, Nairobi)

Methali ni nzuri kwa malezi ya watoto. Kwa mkono wa kikombe, subiri. Mwili na mkono vinatakiwa viwe na unyevu uleule, na wakati wake ni pale udongo unapokuwa kama ngozi ya mkanda: ukiubonyeza kwa ukucha unapokea alama, lakini ukiuinua haupindi. Ukiunganisha mkono mbichi kwenye mwili uliokwisha kushika, mkono utasinyaa zaidi na kujivuta. Ukiunganisha vyote vikiwa vibichi, mkono, kwa kuwa ni mwembamba na unapigwa hewa pande zote, unakauka kwanza. Unajivuta kutoka kwenye mdomo wa kikombe, nao mdomo unakauka kabla ya kitako, ndiyo maana ufa unatokea juu.

Kwa kikombe cha mililita 350 chukua udongo gramu 400, na mkono gramu 60. Vuta mikono, ipe upinde wake, iache kwenye ubao dakika 20 hadi 30. Kwaruza pande zote mbili kwa uma mpaka pawe kama grisi iliyochanwa, paka uji wa udongo uleule wenye matone machache ya siki, bana kwa nguvu mpaka uji utokeze pembeni, kisha pitisha kijiti kwenye maungio. Funika na plastiki saa 24. Siku ya pili legeza plastiki, ya tatu iondoe. Katika upepo mkavu wa Januari funga mikono peke yake kwa vipande vya plastiki, mwili uachwe wazi.

Ufa wa S ni habari nyingine. Unapoinua kuta kwenye gurudumu, udongo wa ukutani unabanwa vizuri, wa kitako haubanwi. Halafu unaacha maji yakae pale katikati. Kitako kinabaki kilegevu na chenye maji mengi, na kinaposinyaa kinafuata mzunguko uliokuwa nao: S. Kabla hujainua ukuta, pitisha kidole kwa nguvu kutoka pembeni kwenda katikati mara nne. Nyonya maji yote kwa sponji. Kitako kibaki milimita 5 au 6, na kikombe kikishaweza kusimama kwa mdomo, kigeuze ili chini nako kupate hewa. Ukifanya haya ufa huo hautarudi. Ukirudi, unaacha kitako kinene kuliko unavyodhani. Kata kimoja katikati kwa waya uone. Wanafunzi wengi hawataki kukata kikombe kizuri, na ndiyo maana wanakaa na kosa moja mwaka mzima.

Bakuli la achari

*Assalaam alaykum. Nimefinyanga bakuli la kijani lisilong'aa, la kupendeza. Mteja alilitia achari ya ndimu. Baada ya siku tatu ndani kumekuwa na duara lililopauka. Ni salama? Na mnipe glezi ninayoweza kuichanganya mwenyewe.* (Msomaji, Unguja)

Waalaykumu salaam. Bakuli hilo litolewe kwenye chakula leo hii. Kijani chako kimetoka kwenye shaba, na kupauka kule kunaonyesha kwamba asidi ya ndimu imeivuta shaba kutoka kwenye glezi na kuitia kwenye achari. Mwambie mteja aimwage, umpe jingine. Glezi ni kioo kilichoyeyushwa juu ya udongo. Kioo kikikosa silika ya kutosha, au kisipoiva, hakiwezi kuzuia madini yaliyomo. Glezi zisizong'aa zenye shaba nyingi ndizo maarufu kwa tabia hii.

Kila glezi mpya ilaze usiku mzima na kipande cha ndimu juu yake, kisha ioshe uangalie mwangani. Ikibadilika rangi au mng'ao, imeanguka. Isipobadilika, haijathibitika kuwa salama, imevuka kizingiti cha kwanza tu. Mtu anayeuza vyombo vya kulia anapaswa kupeleka sampuli maabara. Madini ya risasi usiyatumie kabisa, hata ukiyakuta kwenye kitabu cha zamani kilichoandikwa na bingwa, na unga wa rangi usiojulikana ulimotoka usiutie ndani ya chombo. Sisi tunapenda utaratibu huu: rangi nje, ndani nyeupe au isiyo na rangi.

Ya kujichanganyia ni ile wafinyanzi wa nchi nyingi wanaikariri kama 4-3-2-1: feldspa gramu 400, silika 300, unga wa chokaa mawe (kalsiamu kaboneti) 200, kaolini (udongo mweupe) 100. Silika ndiyo kioo chenyewe. Feldspa na chokaa vinaiyeyusha. Kaolini inaizuia isitiririke, pia inasaidia unga usizame wote chini ya ndoo. Kaolini ipo Pugu, karibu na Dar es Salaam, ila iliyotoka ardhini moja kwa moja ichuje kwanza. Tia unga huo kilo moja kwenye maji ya lita moja kasoro kidogo, usitie maji kwenye unga, uache usiku, chuja kwa mesh 80. Chovya chombo kilichochomwa mara ya kwanza kwa sekunde mbili au tatu. Utando uwe na unene wa milimita moja hivi. Futa glezi yote kitakoni na milimita 3 juu yake, la sivyo chombo kitaoana na rafu ya tanuri.

Hii inaiva kwenye nyuzi 1,280, yaani koni 9 hadi 10. Koni ni vile vipande vidogo vyembamba vya kauri vinavyoinama joto likishafanya kazi yake. Viamini kuliko kipimajoto, kwa sababu vinapima joto pamoja na muda. Lakini tahadhari: udongo mwekundu wa kawaida hauvumilii joto hilo. Ukipita nyuzi 1,100 hivi unaanza kulegea, mwingine unamwagika kama uji. Weka kigae cha udongo wako ndani ya kisahani cha udongo wa moto mkali, uchome, uone. Kama haustahimili, nunua friti (unga wa kioo kilichokwisha kuyeyushwa) isiyo na risasi kwa ajili ya nyuzi 1,060, usilazimishe.

Ikitokea mipasuko myembamba kama nywele kwenye glezi, utaisikia: chombo kinalia "ting" hata siku mbili baada ya kutoka. Glezi inasinyaa kuliko udongo. Ongeza silika gramu 50 kwa kila kilo, jaribu, ongeza tena. Glezi ikijikunyata na kuacha mabaka matupu, chombo kilikuwa na vumbi au mafuta ya vidole.

Nauza, lakini sioni pesa

*Nina studio ndogo. Tanuri langu linaingia vikombe 60, nachoma mara mbili kwa mwezi. Nauza kikombe shilingi 8,000. Sasa duka la zawadi linataka kuchukua vyote, wao wabaki na asilimia 40. Nikubali? Kwa kila tanuri: udongo na glezi 60,000, umeme wa michomo miwili (wa kwanza na wa glezi) 54,000, kodi ya kibanda 120,000 kwa mwezi. Takriban 12 vinaharibika.* (Msomaji, Arusha)

Dada, umefanya jambo ambalo wafinyanzi wengi hawafanyi: umeandika. Tuhesabu pamoja. Kodi kwa tanuri moja ni 60,000, jumla ya gharama 174,000. Jasho hukuliweka. Vikombe 60 vinakula muda gani? Kuandaa udongo saa 4, gurudumu 6, kuchonga vitako 5, mikono 5, glezi 5, kupanga na kupangua 3: saa 28. Ukijilipa 3,000 kwa saa ni 84,000. Tunafika 258,000. Gawa kwa 48 vinavyouzika, si 60: ni 5,375 kwa kimoja. Ongeza 800 za nyaya za tanuri zinazochakaa na rafu zinazopinda. Kikombe kinakugharimu 6,175.

Ukiuza mwenyewe kwa 8,000, kuna faida ya 1,825. Duka likichukua asilimia 40, unabaki na 4,800, unapoteza 1,375 kwa kila kikombe na unafanya kazi zaidi ili upoteze zaidi. Usikubali kwa bei hiyo. Bei ya dukani ikishuka chini ya 10,300 hujafidia hata gharama. Na usiuze rejareja kwa bei ya chini kuliko dukani, duka litajua, na litakuwa na haki ya kununa.

Ila kabla ya kupandisha bei, vitazame vile 12. Ukiharibu 4 badala ya 12, gharama hizohizo zinagawanywa kwa 56, kikombe kinashuka hadi 5,407 pamoja na zile 800. Karibu shilingi 770 kwa kila kimoja bila kumwomba mteja chochote. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huyo mfinyanzi wao, tunashuku, hakuhesabu vilivyovunjika.

Bila gurudumu

*Nimemaliza kidato cha nne, nataka kuwa mfinyanzi wa studio. Sina gurudumu wala pesa ya gurudumu. Nianzie wapi?* (Msomaji, Kisumu)

Anzia na mikono. Dame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani, na mitungi yake huijenga kwa mkono bila gurudumu. Alikwenda Uingereza mwaka 1971, akasomea Farnham, kisha Royal College of Art alikomaliza mwaka 1982. Katikati ya hapo alikaa kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria (mji ambao leo unaitwa Suleja, si mji mkuu wa sasa), kilichoanzishwa na mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, ambako Mnigeria Ladi Kwali alikuwa mwalimu mkubwa. Ladi Kwali naye alijenga mitungi kwa pindi za udongo kama alivyojifunza kwao, na leo yuko kwenye noti ya naira 20.

Vyombo vya Odundo havina glezi. Anapaka uji mwembamba wa udongo, anasugua mpaka ung'ae, anachoma. Moto wenye hewa ya kutosha unatoa rangi ya chungwa iliyoiva; akikirudisha chombo kwenye moto ulionyimwa hewa, kinatoka cheusi. Chuma kilekile kilichomo kwenye udongo ndicho kinachotoa rangi zote mbili.

Wewe fanya hivi kwa miezi sita: kilo 20 za udongo, kijiko, kokoto laini ya mtoni, kipande cha kibuyu cha kulainishia, mfuko wa plastiki. Jenga umbo moja tu, mtungi wa sentimita 25, mara 30. Pindi ziwe nene kama kidole gumba, unganisha kila moja kwa ndani na nje, na usipande zaidi ya pindi nne kabla ya kuuacha ushike, maana tumbo litabweteka. Sugua kwa kokoto udongo ukiwa ngozi, rudia ukikaribia kukauka. Uko karibu na Kakamega. Nenda Ilesi, wanakouza vyungu kando ya barabara, uombe kukaa na akina mama siku chache, uwachotee maji. Lipa kwa kununua. Gurudumu litakuja, na likija tanuri lisubiri kwanza: kodi nafasi kwenye tanuri la mtu mwingine mpaka uwe unajaza lako kila mwezi.

Kwa ufupi

*Nafagia studio kila jioni lakini kifua kinabana.* Acha kufagia. Vumbi la udongo na glezi lina silika, na silika inakwaruza mapafu jeraha lisilopona. Piga deki kwa maji, lowesha meza kabla ya kukwangua, vaa barakoa ya N95 unapopima unga. Ya kitambaa haizuii. Kifua kinachobana kipelekwe hospitali, umwambie daktari unafanya kazi gani.

*Udongo wangu unasinyaa kiasi gani? Vifuniko havikai.* Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kigae kibichi. Upime tena baada ya kuchoma kwa mara ya mwisho. Ukiwa 8.8, unasinyaa asilimia 12. Mdomo unaoutaka uwe sentimita 9 ufinyange 10.2. Kifuniko na chungu chake vikauke pamoja, kimoja juu ya kingine.

*Vile vilivyovunjika nitupe?* Vilivyochomwa mara ya kwanza, bila glezi, vitwange kwenye kinu vikiwa vimeloweshwa, chekecha upate punje kama za mchanga, ukandie kwenye udongo asilimia 10 hadi 20. Huo unga wa vigae haulegei tena wala hausinyai, unafungua njia za mvuke, na unafaa sana kwa vitu vinene. Msomaji wa Mbeya naye asome hapa. Vyenye glezi usivitwange, vinakata mikono kwenye gurudumu.